Kuuza Maganda ya Risasi kama Brasi Chakavu: Mwongozo kwa Wenye Silaha Halali wa Nyanda za Juu Kusini

Mmiliki halali wa silaha, kampuni ya ulinzi inayowapeleka walinzi wake kwenye mafunzo ya shabaha, au mwindaji mwenye leseni anayerudi kutoka mapori ya Chunya, hujikuta baada ya muda ana ndoo ya maganda ya risasi asiyoyahitaji tena. Maganda hayo yana thamani, kwa sababu ganda la kawaida la bunduki hutengenezwa kwa brasi yenye takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, mchanganyiko ulio safi kuliko ule wa koki nyingi za maji, ambazo mara nyingi hutiwa madini ya risasi ili zichongeke kwa urahisi.

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye risasi hizo zilifyatuliwa kihalali mikononi mwake au chini ya usimamizi wake. Anayewaza kwenda kuokota maganda katika eneo la shabaha la jeshi aliache wazo hilo, si kwa sababu tu ni eneo lisiloruhusiwa kuingiwa, bali pia kwa sababu maeneo ya namna hiyo huweza kuwa na mabomu na makombora ambayo hayakulipuka, na kitu kama hicho hakitofautishi mfugaji, mtoto wala muuza vyuma. Anayekiona asikiguse, aondoke kwa njia aliyojia na atoe taarifa polisi au kwa mtendaji wa kijiji.

Kazi huanzia kwenye karatasi kabla ya mizani. Silaha na risasi nchini Tanzania zinasimamiwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inalihesabu ganda kuwa sehemu ya risasi pale ambapo nchi husika inataka sehemu hizo ziwe na kibali. Kwa hiyo, usichukulie kwamba ganda tupu ni chuma chakavu kama sufuria iliyotoboka. Andika barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ukitaja namba ya leseni yako, aina ya maganda, uzito wa makadirio na mnunuzi unayemkusudia, kisha usubiri jibu. Hata kama afisa atakuambia kwa mdomo kwamba hakuna tatizo, omba nakala ya barua iliyogongwa muhuri, kwa kuwa gari likisimamishwa Makambako au Igawa likiwa na kiroba cha maganda, maneno ya mtu aliyeko Mbeya hayatakusaidia.

Mnunuzi naye ana karatasi zake. Biashara ya vyuma chakavu inahitaji kibali kinachopitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo lina ofisi ya kanda jijini Mbeya. Wizi wa nyaya za umeme na vifaa vya reli umewafanya wanunuzi makini kuwa waangalifu na chochote chenye shaba, na mnunuzi asiyekuuliza mzigo umetoka wapi ndiye wa kumtilia shaka.

Baada ya hapo ndipo uchambuzi uanze, na hapa ndipo bei inapopatikana au kupotea. Mwaga maganda juu ya turubai, mchana, nje, na uyashike moja moja. Katikati ya kitako cha ganda kuna kiduara kidogo cha kuwashia baruti. Ganda lililofyatuliwa huwa na kitobwe kilichoachwa na pini ya bunduki hapo. Kitobwe peke yake hakitoshi, kwa hiyo elekeza mdomo wa ganda kwenye mwanga na uhakikishe ndani ni tupu. Risasi yenye kitobwe ambayo bado ina kichwa chake ni risasi iliyogoma, na ni hatari kuliko ile ambayo haijaguswa kabisa. Usiibane, usiing'oe kichwa kwa koleo. Iweke kando na uipeleke polisi. Risasi moja nzima ikiingia kwenye tanuru la kiwanda inaweza kumjeruhi mtu, na kiwanda hakitanunua tena kwa yule aliyeileta.

Kisha pitisha sumaku. Ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Kinachonaswa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba au vanishi, kama yalivyo maganda mengi ya 7.62×39, risasi za bunduki ya AK-47, yanayotoka Urusi. Maganda ya shotigani huwadanganya wengi: mwili wake ni plastiki, na kile kitako kinachong'aa kama dhahabu mara nyingi ni chuma kilichopakwa brasi. Maganda meupe yenye kupakwa nikeli yaweke peke yake, na yale mepesi ya alumini vilevile, kwa maana machache yakichanganyika humpa mnunuzi sababu ya kushusha bei ya kiroba kizima.

Kusafisha hakuhitaji mbwembwe. Maji ya moto, sabuni na limau kidogo vinaondoa masizi. Ukiyaloweka muda mrefu kwenye tindikali, zinki hutoka na brasi hubaki na wekundu. Vaa glavu, tumia beseni ambalo halitarudi jikoni, na watoto wasishiriki, kwa sababu masizi hayo huwa na madini ya risasi yanayotokana na kiwashio. Yaanike hadi yakauke ndani pia, jambo ambalo kwa baridi ya Mafinga au Njombe ya mwezi Julai linataka subira, kwani maji yakinaswa ndani ya brasi inayoyeyushwa hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha chuma cha moto.

Kabla ya kuuza, bana midomo ya maganda kwa koleo au kwenye jiliwa ya fundi, ili yasiweze kujazwa upya. Marekani wapo wanaolipa zaidi kwa maganda mazima ili wayajaze upya, na mwaka 2009 jeshi la huko lilipotaka maganda yake yaharibiwe kabla ya kuuzwa, malalamiko yalisababisha agizo hilo liondolewe. Kwetu hali ni tofauti. Mtu anayekufuata sokoni Mwanjelwa, Mbeya, akitaka maganda mazima kwa bei nzuri isiyoeleweka, huenda anawahudumia majangili; mkatae.

Usijaribu kuyeyusha mwenyewe. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, chini kidogo ya joto la kuyeyusha brasi hii, hivyo moshi mweupe unaopanda ni zinki yako inayopotea, nao humletea anayeuvuta homa na kikohozi.

Kuhusu uzito, kilo moja ni takriban maganda 160 ya risasi ndogo za bunduki za 5.56, au 80 hivi ya zile kubwa za .30-06, hivyo kila mtu anaweza kukadiria mzigo wake kabla ya kufika sokoni. Bei ya brasi hufuata ile ya shaba katika soko la London, na wanunuzi wa Mbeya na Iringa huitoa baada ya kupunguza usafiri hadi Dar es Salaam. Uliza wanunuzi watatu siku hiyohiyo, kwa sababu bei ya wiki iliyopita haina maana. Pima mzigo nyumbani, kisha angalia kama mizani ya mnunuzi ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Brasi, nikeli na chuma vipimwe kila kimoja peke yake, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ionyeshe uzito na aina ya kila kimoja; ihifadhi pamoja na nakala ya barua ya polisi katika jalada la leseni ya silaha.