Pedi za Kazini: Ziweke Mahali Ambapo Hakuna wa Kuombwa

Nilibangua korosho miaka sita kabla ya kupewa cheo cha afisa utumishi, hapahapa Mtwara. Kiwanda nilichoanzia kilikuwa na kibali kimoja tu cha chooni kwa meza ya wabanguaji ishirini: kibao chekundu chenye kamba. Ukikivaa shingoni kila mtu anajua unakwenda wapi. Ukikivaa mara tatu asubuhi moja, wanajua na kwa nini.

Kwa hiyo nilipohamia kiwanda kingine na kupewa nafasi ya kuweka pedi kwa ajili ya wenzangu, ungetegemea nijue pa kuanzia. Wapi! Nilinunua pakiti kumi, nikaziweka stoo, nikaweka na daftari la kusaini: jina, tarehe, idadi. Mtunza stoo ni mwanamume, baba wa watu, mpole. Mwisho wa mwezi nikafungua daftari. Zilikuwa zimechukuliwa pedi tatu. Moja yangu.

Nakuandikia wewe unayetaka kufanya jambo hili kwenye kiwanda, hoteli, shule au karakana yako, ili usipoteze mwezi kama mimi. Mwanamke akilazimika kumwomba mtu pedi, hataomba. Atakunja kitambaa, atafunga kanga mbili, au ataaga kwamba mtoto anaumwa. Kila uamuzi utakaofanya, wa pesa, wa sanduku au wa ndoo ya taka, jiulize kwanza: hapa kuna mtu wa kuombwa? Kama yupo, mtoe.

Anza na hesabu, kwa sababu bosi atakuuliza hesabu. Sisi tulikuwa wanawake 90. Nikatoa waliokoma hedhi, wajawazito na baadhi ya wanaonyonyesha, wakabaki kama 70. (Sikuwauliza. Unakaa na watu miaka, unajua.) Chukua siku tano za hedhi katika mzunguko wa siku 28: maana yake kwa siku yoyote ile, kati ya wale 70, wapo 12 au 13 walio kwenye siku zao. Pedi inafaa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, na sisi tunaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi jioni, kwa hiyo kila mmoja anahitaji mbili akiwa kazini. Hizo ni 25 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 650, sawa na pakiti 81 na kitu zenye pedi nane nane. Nikaomba pakiti 100 kwa mwezi wa kwanza.

Usisubiri bei ishuke. Mwaka 2018 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa. Mimi niliyekuwa nanunua rejareja sikuona tofauti yoyote. Nafuu niliipata kwa muuzaji wa jumla: pakiti iliyokuwa Sh 2,500 dukani, yeye alinipa kwa Sh 1,700 nikichukua katoni. Pakiti 100 ni Sh 170,000, chini ya Sh 1,900 kwa kila mwanamke kwa mwezi. Nilimwekea bosi karatasi hiyo mezani.

Akasema, "Dada, hayo mambo si huwa mnajipanga wenyewe?"

Hapo usijibu kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekaa mwezi mzima naandika ruhusa za ghafla za wanawake, zile za saa tatu na saa nne asubuhi. Zilikuwa 19, na nyingi sababu yake ni "tumbo". Mbanguaji analipwa kwa kilo. Akiondoka saa nne anapoteza posho yake, na kiwanda kinapoteza kilo zake, na korosho zake zinabaki zimelala mezani. Bosi alisoma karatasi, akauliza kama katoni inaweza kupatikana kwa bei ndogo zaidi, akasaini. Hajawahi kulizungumzia tena, na sioni kwa nini nimtake alizungumzie.

Kuhusu aina sina mengi. Chukua zenye mabawa, ndefu kidogo, kila moja kwenye kifuko chake, na zisiwe na manukato. Joto la Mtwara na benchi la mbao la siku nzima havihitaji marashi ya kuwasha. Tamponi, zile za kuingiza ndani, hakuna aliyeziulizia. Kikombe cha hedhi alikiulizia binti mmoja aliyesoma Dar es Salaam. Pedi za kufua ni nzuri na zinaokoa pesa nyumbani, lakini kazini uzifulie wapi na uzianike wapi?

Mahali pa kuziweka ndipo penye kazi. Sanduku letu ni dishi la plastiki lenye mfuniko, kwa sababu hewa ya pwani inalainisha karatasi na pedi iliyovuta unyevu haina maana tena. Tuna vyoo vinne vya wanawake. Mwanzoni niliweka dishi moja kwenye sinki la nje, panapoonekana na wote. Kosa la pili hilo. Sasa kila choo kina kidishi chake ndani, juu ya rafu, nyuma ya mlango unaofungwa kwa komeo. Mhudumu wa usafi, ambaye ni mwanamke, anavijaza saa moja asubuhi na saa saba mchana. Hakuna daftari. Ninachohesabu ni pakiti zinazotoka stoo kwenda kwa mhudumu, basi.

Wiki ya kwanza vidishi vilikuwa vinaisha kabla ya chai ya saa nne. Mtunza stoo akacheka, "Si nilikwambia? Wanakwenda kuuza." Nikachunguza polepole, nikakuta walikuwa wanawapelekea mabinti zao wa sekondari. Hapa ndipo wengi wanapoweka kufuli, na kufuli lina mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ni mtu wa kuombwa. Sikuweka. Nilichofanya ni kukubaliana na bosi kwamba mwisho wa mwezi kila mwanamke apewe pakiti moja ya nyumbani, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na hati ya mshahara. Kufikia mwezi wa tatu matumizi ya vyooni yalitulia kwenye pedi 20 na kitu kwa siku, karibu kabisa na hesabu yangu ya kwanza. Mtu akishaamini kwamba kesho zitakuwepo, haogopi leo.

Sasa jambo ambalo mtu wa ofisini Dar hatakuambia. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Sisi tunavaa glavu au tunapaka mafuta mikononi kabla ya kubangua, lakini vidole havibaki safi. Mwanamke akiingia chooni na vidole hivyo, akashika pedi upande wa juu, ataungua mahali ambapo hawezi hata kumwonyesha mganga bila kuona haya. Ilitokea, kwa mtu wa meza yangu ya zamani. Kwa hiyo sabuni na maji viwepo kabla ya mlango wa choo, si baada yake tu. Tulihamisha koki moja. Kazi ya fundi ya nusu siku. Kama kwenu ni samaki, pilipili au rangi ya nguo, fikiria vilevile: mikono inatoka wapi ikifika pale?

Na maji yakikatika? Weka pipa lenye mfuniko na kopo ndani ya kila choo. Kwetu mwanamke asipopata maji ya kujisafisha, pedi peke yake haijamsaidia.

Nikaja kwenye maneno, na hapo nikakwama kwa wazee wetu. Nilikuwa nimeandika tangazo zuri kwa kalamu nyekundu: PEDI ZINAPATIKANA BURE VYOONI. Bibi mmoja wa sehemu ya kupanga korosho kwa madaraja, kungwi anayeheshimika, alilibandua mwenyewe na kuniletea ofisini. "Mwanangu, ya unyagoni hubandiki ukutani." Nilikasirika, halafu nikaona ana hoja. Wasichana wengi wa huku walifundishwa hedhi unyagoni, kwa nyimbo na kwa siri, na wanaume hawatajiwi. Tangazo langu liliwafanya wapite mbele ya wanaume wakiwa wameinamisha vichwa. Nikamwomba yeye aseme. Alikaa na wanawake wa kila meza kwa zamu, wakati wa chakula, chini ya mwembe, dakika kumi kumi. Alisema nini sijui, maana meza ya ofisi haikualikwa. Siku iliyofuata vidishi vilianza kuchukuliwa hata na wale walioapa kwamba wao ni wa vitambaa mpaka kufa.

Yeye pia ndiye aliyeniokoa kwenye taka. Kiwanda chetu kinachoma maganda ya korosho kwenye tanuri la boila, na mimi nikaona hapo ndipo pa kutupia pedi zilizotumika. Hakuna aliyekubali. Huku wengi wanaamini damu ya hedhi ikichomwa, mwenye damu anaweza kukosa uzazi, au ikionwa na mbaya wake inaweza kutumiwa kumroga. Unaweza kubishana nao mwaka mzima. Wakati huo wote watatupa pedi kwenye shimo la choo, na choo kitaziba. Kwetu kiliziba mara mbili, na gari la kunyonya likaja kwa pesa nyingi kuliko pedi za mwezi. Tukachimba shimo refu nyuma ya ghala, mbali na kisima, likajengewa kwa matofali na kufunikwa kwa zege lenye tundu dogo la kudumbukizia. Ndani ya kila choo kuna ndoo yenye mfuniko wa kukanyaga, na kwenye msumari nimetundika magazeti yaliyokatwa vipande vya kufungia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, na gazeti linafanya kazi vizuri tu. Mhudumu anamwaga kila jioni, ana glavu nene, na nilidai aongezewe posho. Ukimwachia kazi hii bila kumwongezea kitu, ndoo zitajaa na mpango wako utakufa kwa harufu.

Sare zilichukua muda mrefu zaidi. Chumba cha kumenya kinavaa nyeupe, kwa sababu ya usafi wa chakula. Lakini nani alisema weupe ushuke mpaka miguuni? Mwaka 2023 kule Kenya, Seneta Gloria Orwoba aliingia kwenye Seneti akiwa na doa kwenye suruali yake nyeupe na akatakiwa atoke. Huyo alikuwa seneta. Mmenyaji wa korosho atafanyaje? Tulishona koti fupi jeupe, na chini sketi au suruali ya bluu iliyokolea. Tukaweka na kanga nne nyeusi kwenye kabati la choo, za kujifunga ukichafuka. Mpaka leo zinarudi, zimefuliwa, isipokuwa moja.

Wasimamizi wanaume wape sentensi mbili tu. Ya kwanza: mwanamke akisema anakwenda nje, jibu ni "sawa". Ya pili: hakuna kuuliza zaidi ya hapo. Sisi vibali vya chooni tulivifuta kabisa, na kilo za siku hazikushuka. Dawa za maumivu ziko kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na kuna mkeka chumba cha kupumzikia kwa anayezidiwa. Anayezidiwa kila mwezi namshauri aende hospitali, maana maumivu ya kumlaza mtu chini si ya kuzoea.

Bado sijaweza kuwafikia vizuri vibarua wa msimu. Wanaingia kuanzia mwezi wa kumi korosho mpya zikifika, wengine kwa wiki tatu tu, na hawajui kwamba vidishi ni vyao pia. Mwaka jana sikuongeza oda, pakiti zikaisha tarehe 12. Mwaka huu nimeagiza katoni za ziada mwezi wa nane, na bibi yangu wa madaraja ameshaniambia atawapitisha chini ya mwembe siku yao ya kwanza, kabla hawajapewa hata visu.