Namna ya kuifuatilia historia ya kijiji cha Blantyre, Uskoti

Sisi tuliokulia Ujiji jina la Livingstone tunalijua tangu utotoni, kwa ajili ya ule mnara wake penye miembe. Ndiyo maana Mswahili akifika Blantyre, kusini-mashariki mwa Glasgow, hukimbilia nyumba aliyozaliwa mzee huyo, akapiga picha, akarudi stesheni. Mimi naishi jirani, Hamilton, na wageni wangu nawaambia: anza na kazi iliyowaleta watu hapa, ndipo uwatafute watu wenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa pamba. Mwaka 1785 David Dale na James Monteith walianzisha kiwanda cha kusokota nyuzi kando ya mto Clyde, mitambo ikizungushwa na maji. Nyumba za wafanyakazi, Shuttle Row, bado zipo, na leo ni makumbusho. Humo ziliishi familia 24, kila moja na chumba chake kimoja. Ukiingia chumba cha akina Livingstone usitoke haraka. Kiangalie kitanda, meko na meza, halafu nafasi iliyobaki igawe kwa wazazi wawili na watoto watano. David, aliyezaliwa 1813, alianza kazi ana miaka 10: kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kisha shule hadi saa 4. Babu yake alihamia kutoka kisiwa cha Ulva. Kijiji hiki kilijengwa na wahamiaji, na kwangu hilo ni kubwa kuliko umaarufu wa mtu mmoja. Kabla hujatoka, watafute humo Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone waliokuwa miongoni mwa walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Sasa panda High Blantyre, upande wa juu wa kijiji, kwenye kazi ya pili: makaa ya mawe. Tarehe 22 Oktoba 1877 gesi ililipuka katika mgodi wa kampuni ya William Dixon, ikaua watu 207, ajali mbaya kuliko zote za migodi ya Uskoti. Mwaka 1879 mlipuko mwingine ukaua 28. Tafuta mnara wa matale uliosimamishwa na kampuni, usome maandishi yake taratibu: unataja wafanyakazi 240 kwa ajali zote mbili. Jumlisha mwenyewe, hesabu hazilingani. Kila idadi utakayoisoma hapa, iandike pamoja na mahali ulipoitoa.

Mnara hausemi yaliyowapata waliobaki, na hapo ndipo karatasi zinapohitajika. Fungua ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za watu wa Uskoti. Kutafuta majina ni bure, kuona kurasa nyingi hulipiwa, basi andaa orodha yako kwanza. Anza na sensa ya 1881: soma safu ya kazi na safu ya mahali pa kuzaliwa kwa pamoja, uone Ireland inavyojirudia kwa wachimbaji. Kisha fungua daftari za kodi za majengo, zilizoanza 1855, ambazo kila nyumba zinaiandikia mwenye mali na mpangaji wake. Ukikuta mwajiri ndiye mwenye nyumba, utaelewa kwa nini miezi michache baada ya mlipuko wajane 34 walishtakiwa na kampuni ili watoke kwenye nyumba zao. Mume amekufa mgodini, na nyumba ya kampuni ilikuwa ya kukaa wachimbaji walio kazini tu. Nikiyasoma hayo hadi leo nafsi hukataa.

Ramani za zamani ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Weka ya zamani juu ya ya leo, utafute safu za nyumba za wachimbaji, nyingi zimebomolewa.

Baada ya hapo nenda kwa wazee. Mahali pazuri ni uwanjani siku timu ya Blantyre Victoria inapocheza; Billy McNeill, nahodha wa Celtic iliyotwaa Kombe la Ulaya 1967, aliwahi kuichezea Victoria akiwa kijana. Salimia, zungumza mpira kwanza. Usifungue mazungumzo na vifo. Mwulize mzee bibi yake aliishi safu ipi ya nyumba, nani alikuwa jirani, maji yalichotwa wapi. Na uwe na nakala ya ramani mfukoni: mzee akiuona mtaa wa kwao kwenye karatasi, atakuonyesha kwa kidole nani aliishi wapi, nawe kazi yako ni kuandika.