Kabla Hujachomoa Pawa Sapulai ya PLC Kuukuu

Mafundi wenzangu hunipigia simu kutoka Tororo, Kasese, hata hapa hapa Jinja, na swali lao ni moja kuhusu pawa sapulai ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine za kiwandani: “Kaka, ya zamani ilikuwa ya volti 24. Nikifunga hii mpya ya volti 24 si itafanya kazi?” Nami huwauliza kwanza kama programu iliyo ndani ya PLC imeshatolewa nakala. Volti ni sehemu ndogo tu ya jibu.

Chukua PLC ya Siemens S5-115U. Betri ya lithiamu inayolinda programu imekaa ndani ya pawa sapulai yenyewe. Ukiichomoa, betri inaondoka nayo, na kama programu iko kwenye RAM peke yake (kumbukumbu inayofutika ikikosa umeme), imepotea. Kwa hiyo, mashine ikiwa ingali inawaka, unganisha kompyuta yenye STEP 5 (programu ya Siemens ya kusoma na kuandikia PLC hizo), toa programu, tunza nakala mbili sehemu tofauti. Meneja wa kiwanda cha sukari atakuhimiza: “Fundi, miwa inakauka huko nje!” Mwombe avumilie, kwa heshima lakini bila kulegea. Aliyeiandika programu hiyo miaka ya themanini huenda hayupo tena kazini, na hakuna duka Kampala linaloiuza.

Sasa pima ile ya zamani kabla haijafa kabisa, mashine ikibeba mzigo wake wote. Andika volti za DC za kila waya: 5, 24, na kama zipo, 12 au 15 chanya na hasi. Kisha geuza mita kwenye AC upime pale pale. Hayo ni mawimbi, yaani mtikisiko uliobaki juu ya DC. Yakizidi milivolti mia kadhaa kwenye pawa sapulai iliyotengenezwa kutoa volti zisizoyumba, kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji) zimechoka. Mita ya bei nafuu haioni mawimbi ya kasi, kwa hiyo usomaji mdogo si uthibitisho wa uzima. Ukiamua kuifungua, zima umeme na usubiri, kisha pima kapasita kubwa kabla ya kugusa: umeme wetu wa volti 240 ukishageuzwa kuwa DC hufika karibu volti 340.

Pale penye volti 5 ndipo watu wengi huharibu. Jumlisha ampea za kila moduli kwenye reki (fremu inayoshika vipande vyote vya PLC) kutoka vitabu vyake, usikisie kwa ukubwa wa kifaa. Kwenye PLC ya SLC 500 ya Allen-Bradley, pawa sapulai ya 1746-P1 hutoa ampea 2 tu kwa volti 5, wakati 1746-P2 hutoa ampea 5, na zote mbili huingia kwenye reki ile ile. Hizo pia zina jampa (kiunganishi kidogo cha kuhamisha kwa mkono) ya kuchagua volti 120 au 240. Iliyotumika Marekani ikaletwa huku inaweza kuwa bado kwenye 120. Itazame kabla hujaiwasha. Na usijaribu kuweka pawa sapulai yoyote ya volti 5 mahali pa ile ya reki. Nyingi za zamani huipa CPU (ubongo wa PLC) ishara kwamba umeme unakatika, ili ihifadhi hali yake. Ishara hiyo isipokuwepo, CPU inaweza kukataa kuwaka.

Upande wa volti 24 una mtego mwingine. Mashine nyingi kuukuu zilitumia transfoma, daiodi na kapasita tu. Bila mzigo zilitoa hata volti 32, na solenoidi (koili zinazosukuma vali) zilipovuta kwa nguvu, transfoma ilivumilia. Pawa sapulai ya kisasa ya ampea 5 hujilinda: ikizidiwa, hujizima na kujiwasha tena na tena, na relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) zinagonga ovyo. Kwa solenoidi mimi huchagua yenye ampea za ziada, au hutenganisha: moja ya PLC na sensa, nyingine ya solenoidi. Kagua pia urefu wa kebo. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwenda mita 30 na kurudi una takriban omu 0.7, ukivuta ampea 4, karibu volti 3 zimebaki njiani. Moduli nyingi za Siemens zinataka zisipungue volti 20.4.

Chunguza kama minasi (waya hasi) ya zamani ilifungwa kwenye ardhi au iliachwa huru, ufuate vivyo hivyo. Acha nafasi ya hewa juu na chini. Kapasita huishi takriban nusu ya muda kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na paneli iliyo karibu na boila haina huruma.

Ukishafunga, endesha mashine kwa mzigo kamili, paneli ikiwa imefungwa, mpaka ipate joto lake la kawaida, halafu pima tena zile volti ulizoandika. Mwisho, ukiwa na ruhusa na mitambo ikiwa haina kitu ndani, hamisha umeme kutoka laini kwenda jenereta. Pawa sapulai nyingi hushikilia milisekunde 20 tu umeme ukikatika, kwa hiyo PLC itazimika. Unachotazama ni kama inarudi na programu yake, na kama kuna injini inayoanza kuzunguka yenyewe kabla opereta hajabonyeza kitufe. Ikianza, usimkabidhi mtu mashine hiyo.