Bosi anataka usaini mzigo ambao haujafika, unatokaje hapo bila kugombana na bila kujifunga

Kuanzia kama tarehe 20 mwezi wa sita ofisi nyingi za serikali hapa Tanzania zinapata wazimu fulani hivi, mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, kila mtu anaogopa hela iliyobaki itarudi Hazina, sapulaya kaleta invoisi lakini mzigo uko njiani au hata haujanunuliwa, na wewe boharia au mjumbe wa kamati ya mapokezi unaitwa unaambiwa "saini tu hapo, mzigo wiki ijayo unaingia". Kwenye makampuni na mashirika ni hayohayo, tarehe tu ndo tofauti, huko presha inakuja mfadhili akitaka ripoti.

Tabu ni kwamba mara nyingi hapo hakuna hata mwizi. Bosi kweli anataka dawa zifike zahanati na hela ikirudi dawa hazinunuliwi, afu huenda ni huyohuyo bosi aliyekushika mkono ukapata kazi, mjomba wako ndo alimpigia simu, sasa ukimkatalia unaonekana huna fadhila. Kwa hiyo wanaosema "we kataa tu" hawajawahi kukaa kwenye hicho kiti.

Ila kabla hujashika peni angalia ile hati ya kupokelea mali, GRN, ina jina la nani. Ni lako. Bosi kakuambia kwa mdomo, jina lake halipo popote. Odita akija anachukua GRN, anachukua leja ya stoo, anaingia stoo mwenyewe kuhesabu, katoni 60 hazionekani, na hoja inaanza na aliyesaini kupokea. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inasema kutumia kwa makusudi hati yenye maelezo ya uongo ili kumdanganya mwajiri ni kosa la jinai, na kosa hilo halisubiri uwe umekula hata mia.

Sasa unafanyaje. Kwanza usijibu palepale, maana umesimama mbele ya meza ya mkubwa, sapulaya kakaa kwenye kochi anakunywa maji anakuangalia, hapo utasaini tu hata uwe nani. Sema "sawa mkuu, ngoja nikahesabu kilichopo nikuletee", toka. Hujakaidi chochote, kuhesabu ndo kazi yako.

Afu usimrudishie "hapana", mrudishie karatasi ya kweli. Kama LPO, ile oda ya manunuzi, ni katoni 100 na zimefika 40, jaza GRN ya 40, chini andika kwa mkono "zimepokelewa katoni 40 kati ya 100, katoni 60 hazijafika", weka tarehe na jina kamili na saini, na ile nafasi iliyobaki wazi ipige mstari mtu asije akachomekea kitu baadaye. Sapulaya analipwa za 40. Kama haijafika hata moja basi hakuna GRN, na hela kuvuka mwaka ina taratibu zake ambazo mhasibu anazijua, mpeleke bosi kwa mhasibu, boharia huwezi kutatua tatizo la bajeti kwa saini yako.

Baada ya hapo andika meseji, na hapa watu wengi ndo wanaharibu, wanaandika kama wako mahakamani. Andika hivi:

"Shikamoo mkuu. Nimehesabu mzigo wa leo, zimefika katoni 40, zile 60 sapulaya anasema wiki ijayo. GRN ya 40 nimeiweka mezani kwako. Kuhusu hizo 60 naomba mwongozo wako. Asante."

Hamna neno rushwa humo, hamna lawama, hamna "nakataa". Bosi aliyekuwa anabanwa na muda tu atajibu sawa tumia hiyo, mambo yameisha. Mwenye lake jambo hatajibu kwa maandishi, atapiga. Pokea, msikilize kwa heshima, ukikata simu mtumie nyingine, "mkuu nimekuelewa, umenielekeza nisaini katoni 100 wakati zilizopo ni 40, naomba unithibitishie". Hapo wengi wanakuacha wanatafuta mwingine wa kusaini, na huyo mwingine mara nyingi ni kijana aliyeajiriwa juzi, mtonye.

Kama bosi ni mtu mzima mnaeheshimiana, binafsi ningeanza na kumfuata jioni, wawili tu, nimwambie "mzee mi niko na wewe kwenye kazi zote, ila hii karatasi odita akiishika tunaanguka wote". Unamuweka yeye mbele, unaonekana unamlinda, na kweli unamlinda. Anayeingia na kitabu cha kanuni mkononi kumsomea mkubwa vifungu huwa anatoka na adui tu, hata kama yuko sahihi asilimia mia.

Kuhusu hela ya soda: usipokee, hata elfu kumi, hata kwa kuona aibu kukataa. Ukishapokea, siku ukiamua kusema ukweli unahesabika mshirika. Na siku hizi hawaleti bahasha, unashtukia simu imelia muamala umeingia. Irudishe kwenye namba ileile iliyotuma, usimpe keshi mkononi, ili rekodi ya kurudisha ibaki, na meseji zote mbili usizifute.

Weka pia daftari lako, siku hiyohiyo andika saa ngapi, nani kasema nini, nani alikuwepo. Hati zenyewe usizibebe nyumbani wala usipige picha mafaili yasiyokuhusu, watu wengi wenye haki wameshikiwa hapohapo, kesi inageuka kuwa ya kutoa siri za ofisi.

Ikishindikana kote huko, mkaguzi wa ndani, afu TAKUKURU, ile taasisi ya kupambana na rushwa, namba yao ni 113 na kupiga ni bure. Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, inamlinda mtu aliyepeleka taarifa kwa nia njema kwa mwenye mamlaka. Kurusha kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi ni kujichongea. Nisikufiche lakini, kituo chenye watumishi kumi wilayani huko hakina siri, watajua ni wewe, na uhamisho unaweza kukukuta, kwa hiyo kama unaona mambo yanaelekea huko anza kuweka akiba mapema na mwambie wa nyumbani kwako ajue kinachoendelea.

Na wakikufukuza? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wazi kwamba kukataa kufanya kitu ambacho mwajiri kisheria haruhusiwi kukuagiza si sababu halali ya kukuachisha kazi. Ila ulinzi huo wa kuachishwa isivyo halali haumgusi aliye na chini ya miezi sita kazini kwa mwajiri huyo, kama ndo wewe basi cheza kwa akili zaidi. Watakachojaribu kwanza ni kukuambia uandike mwenyewe barua ya kuacha kazi "usije ukachafua CV yako". Usiandike, ukiandika umeacha kwa hiari na kesi yako inakuwa ngumu sana. Subiri barua yao.

Mtumishi wa umma malalamiko yako yanapitia kwanza njia za utumishi wa umma, rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Wa sekta binafsi unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu uachishwe, zikipita unaanza kuomba na kueleza kwa nini umechelewa. Fomu inaitwa CMA F1, si lazima uwe na wakili, unajaza, nakala moja unampelekea mwajiri na unahakikisha anasaini kwamba kaipokea, na hiyo yenye saini yake ndo unairudisha Tume.