SOMO: Mazoezi kwa mwenye presha, sukari, goti bovu au kazi ya kukaa kutwa nzima

Wakuu habari zenu. Mtu akiambiwa hospitali "fanya mazoezi" anatoka pale hajui aanzie wapi, ananunua raba siku hiyo hiyo, kesho yake anakimbia mpaka anataka kutapika, keshokutwa miguu haikanyagiki na habari ya mazoezi inaishia hapo. Mazoezi yana dozi kama dawa, na dozi ya mwenye presha sio ya mwenye goti bovu. Twende hatua kwa hatua, maswali mtauliza chini.

Hatua ya 1: Jua hali yako kwanza
Una presha, kisukari, tatizo la moyo, au kifua kinakubana ukipanda ngazi? Anza na daktari. Presha ukipima umetulia ikasoma 180/110 au zaidi basi siku hiyo hakuna zoezi, ishushwe kwanza. Mwenye sukari akague na nyayo kila siku maana ganzi inaficha kidonda, mtu anatembea nacho wiki nzima hana habari. Kama huna dalili yoyote, kutembea hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Hatua ya 2: Tembea, kipimo ni mdomo wako
Tembea mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima ila kuimba huwezi, hapo ndo penyewe. Ukiweza kuimba kaza mwendo, ukishindwa hata kuongea punguza. Mi nakiamini hiki kuliko saa za mkononi, hasa kwa wanaotumia dawa kama atenolol au bisoprolol, zile zinazuia mapigo ya moyo kupanda, sasa we ukifuata namba za saa utajisukuma kupita kiasi bure.

Anza hata na dakika 10 alafu ongeza kidogo kidogo kila wiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unasema mtu mzima afikishe dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kati, au 75 mpaka 150 za nguvu. Zamani ilikuwa lazima ziwe dakika 10 mfululizo ndo zihesabike, sharti hilo limeondolewa, kwa hiyo dakika 5 za ngazi nazo zimo.

Hatua ya 3: Misuli, angalau siku 2 kwa wiki
Hapa ndo wengi wanaparuka, na kwa mwenye sukari hapa ndo kwenye faida hasa. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini yako (homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu kuingia mwilini) haifanyi kazi vizuri, na ukimaliza zoezi mwili unaendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja mpaka mbili hivi. Ndo maana mwenye kisukari aina ya 2 anaambiwa asipitishe siku mbili mfululizo bila zoezi, sio adhabu, ni kwamba faida yenyewe inaisha.

Huhitaji jimu. Kaa kwenye kiti usimame bila kushika kitu, pushapu za ukutani, nyanyua visigino umesimama (vigimbi hivyo vinasaidia kurudisha damu juu), alafu lala chali kunja magoti unyanyue kiuno. Kila moja mara 8 mpaka 12, pumzika, rudia. Na jamani msibane pumzi! Toa pumzi pale unapotumia nguvu, ukibana presha inaruka hapo hapo.

Hatua ya 4: Kazini
Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London, dereva kakaa kutwa, konda anapanda na kushuka ngazi za basi, ikaonekana makonda wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Sasa wengi wetu tumekuwa madereva bila basi, tumekaa mbele ya kompyuta. Simama kila nusu saa hata dakika mbili, simu pokea umesimama, maji weka mbali na meza ili uyafuate. Dakika 20 za jioni ni nzuri ila hazitoshi kufuta masaa 9 ya kiti.

Hatua ya 5: Lini uache
Kifua kubana, maumivu kwenda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu, mapigo kurukaruka: acha hapo hapo, yasipoisha wahi hospitali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mi nachoma insulini, nikitembea jioni natetemeka na jasho baridi, niache?
Jibu: Mazoezi usiache, hiyo ni sukari inashuka. Pima kabla ya kutoka, ikiwa chini ya 5 kwa mashine za mmol/L (au 90 kwa mashine za mg/dL) kula wanga kama gramu 15 mpaka 30 kwanza, na mfukoni usikose glukosi au juisi. Usichome pajani alafu ukaenda kutembea papo hapo, inaingia mwilini haraka. Inaweza kushuka hata usiku ukiwa umelala, kwa hiyo kuhusu dozi ongea na daktari wako, usijipunguzie mwenyewe. Wanaomeza glibenclamide (vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari) nao wawe makini hivyo hivyo.

Swali: Goti langu limechakaa, kila mtu ananiambia nilipumzishe.
Jibu: Dada pole. Ukilipumzisha miezi, msuli wa paja unanywea na goti linabaki bila wa kulishika. Alafu gegedu la goti (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa) halina mishipa ya damu, linapata lishe kwenye majimaji ya goti pale linapokandamizwa na kuachiwa, yaani ukitembea. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika kama kesho yake yametulia. Likivimba au likiuma zaidi kesho yake, punguza idadi, usiache kabisa.

Swali: Mi kazi yangu kubeba mizigo kutwa, bado tu nifanye mazoezi? Si nitakufa?
Jibu: Hahaha kaka nimekuelewa. Ila mzigo unaubeba masaa mengi, presha iko juu muda wote, upande mmoja wa mwili ndo unaumia na kupumzika hupangi wewe, haiwi sawa na zoezi la nusu saa unalolipima mwenyewe. We nyoosha mgongo na mapaja ukitoka kazini, imarisha tumbo na kiuno, siku ya mapumziko tembea haraka bila mzigo. Na lala vya kutosha.

Swali: Nina pumu, nikikimbia kifua kinapiga filimbi.
Jibu: Pasha mwili taratibu dakika 10 kabla, hewa baridi kavu iepuke. Kama daktari alikupa pampu ya salbutamol ya kutumia kabla ya zoezi, vuta kama dakika 15 kabla. Ikiwa unaihitaji kila mara, pumu yako haijadhibitiwa, rudi wakuangalie.

Swali: Nimetembea mwezi mzima mzani haujasogea, presha nayo nimeanza kuacha dawa kidogo kidogo.
Jibu: Mzani achana nao kwanza, mazoezi bila kugusa chakula kilo zinapungua polepole. Kwa mwenye presha namba ya juu inaweza kushuka kama 5 mpaka 8 hata uzito ukibaki pale pale. Ila hizo 5 haziwezi kuziba dawa uliyoacha, rudisha dozi leo, andika vipimo vyako vya asubuhi na jioni kwa wiki mbili umpelekee daktari, yeye ndo aamue kama kuna cha kupunguza.