Arusha ni tropiki au nusutropiki? Namna ya kupima eneo lako mwenyewe

Dogo mmoja mwenye kitalu cha miche Usa River alinijia na katalogi ya mbegu. Kila aina imeandikwa pembeni "tropiki" au "nusutropiki", na yeye anawauzia watu wa Moshi na wa Arusha. "Kaka, sisi tuko upande gani?" Tulikaa na kalamu na kikokotoo, ikaonekana kwamba wateja wake hawako upande mmoja. Hapa chini ni namna ya kulipima shamba lako mwenyewe.

Hatua ya 1: Weka pembeni mistari ya ramani

Shuleni tulikaririshwa kwamba tropiki ni eneo lililo kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23 na nusu hivi kila upande wa ikweta. Kwa hesabu hiyo Tanzania yote ni tropiki, pamoja na barafu ya Kibo! Mistari ile inaeleza jua linafika wapi utosini. Hong Kong iko ndani yake, lakini wastani wa joto la Januari kule ni nyuzi 16 na kitu za Selsiasi, kwa hiyo tabianchi yake huitwa nusutropiki. Miami iko nje, ila Januari yake inacheza kwenye 20 na inahesabiwa tropiki.

Kipimo ninachotumia ni cha mtaalamu wa tabianchi Wladimir Köppen, aliyekitoa mara ya kwanza mwaka 1884 na kuendelea kukirekebisha hadi miaka ya 1930, kisha Rudolf Geiger akakiendeleza. Kanuni yake kwa swali letu ni moja: mwezi wenye baridi kuliko yote ukiwa na wastani wa nyuzi 18 au zaidi, uko kundi A, tropiki. Ukishuka chini ya 18 unaingia kundi C, ambamo nusutropiki imo. Kipo pia kipimo cha mtaalamu mwingine, Trewartha, lakini na chenyewe mpaka wa tropiki ni hiyohiyo 18, kwa hiyo sihangaiki nacho.

Hatua ya 2: Tafuta wastani wa Julai wa mahali PAKO

Kwetu mwezi wa baridi ni Julai. Chukua wastani wa joto la juu la mchana na wastani wa joto la chini la usiku kwa mwezi mzima, jumlisha, gawa kwa mbili. Juu 26 na chini 16 inakupa 21. Juu 22 na chini 12 inakupa 17. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Kazi ni kujua hizo namba zimetoka wapi, na hapo ndipo watu wengi wanapopotelea.

Tuanze na simu. Ile programu ya hali ya hewa inayokuandikia "Arusha" mara nyingi haina kipimajoto chochote Arusha. Inachukua namba kutoka kwenye mfumo wa kompyuta unaoigawa dunia katika miraba. Takwimu za ERA5, za hali ya hewa ya dunia nzima, ambazo wengi huzitumia, zina miraba ya kilomita 31 hivi kila upande. Hebu fikiria mraba kama huo upande wa Moshi: unaweza kubeba mji, vihamba vya Kibosho na msitu wa juu kwa pamoja, halafu ukakupa namba moja ambayo si ya mji wala si ya msitu. Mimi siitumii kabisa kwa kazi hii. Ramani za rangi zenye miraba ya kilomita moja ni afadhali, lakini kwenye mteremko kama wa Machame, ndani ya kilomita moja unaweza kupanda mita nyingi tu.

Halafu kuna KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Uwanja uko katikati ya Arusha na Moshi, una takwimu nzuri za muda mrefu, basi kila mtu anazichota na kuzibandika jina analolitaka. KIA iko kama mita 894 juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni karibu 1,400. Hiyo ni tofauti ya mita 500, na joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Yaani ukiiazima Julai ya KIA na kuiita ya Arusha, umeupasha mji joto kwa zaidi ya nyuzi tatu, na kwa nyuzi tatu hizo unahama kundi. Kituo cha uwanja wa Arusha, Kisongo, kiko karibu mita 1,390. Hicho ndicho cha mji.

Takwimu bora ni za Mamlaka ya Hali ya Hewa, za miaka 30. Kipindi kinachotumika sasa duniani ni 1991 hadi 2020. Usichukue mwaka mmoja, maana Julai moja yenye mawingu mengi inaweza kukuangusha chini ya mstari, na inayofuata ikakurudisha juu.

Kama huna kituo karibu, chukua cha jirani na usahihishe kwa mwinuko: kwa kila mita 100 unazopanda, toa 0.65. Mfano, ukianza na Julai ya 21 kwenye mita 800, mwinuko wa Moshi mjini, basi 18 unaikuta kwenye mita 1,260 hivi. Maana yake mpaka wa tropiki na nusutropiki unapita katikati ya migomba na kahawa, juu ya mji na chini ya msitu. Mtu wa bondeni na shemeji yake wa juu, kijiji kimoja, hawako kundi moja.

Lakini usiiamini 0.65 hadi mwisho. Wakati wa kipupwe mawingu hukaa siku nzima upande wa kusini wa mlima na mchana haupandi inavyotarajiwa. Mabondeni hewa baridi hutelemka usiku na kutulia. Ikiwa jibu lako limeangukia kati ya 17.5 na 18.5, usiseme chochote kwa uhakika mpaka upime mwenyewe. Kipimajoto cha juu-na-chini ni kifaa rahisi, kinashinda programu zote za simu. Kiweke kivulini, kimo cha kifua cha mtu mzima, juu ya majani, hewa ipite pande zote. Ukikitundika chini ya bati la jiko utakuwa unapima bati.

Hatua ya 3: Hakikisha si pakavu

Kundi B, la ukame, hutangulia yote. Zidisha wastani wa joto la mwaka kwa 20, ongeza 140 (ongeza 280 kama asilimia 70 au zaidi ya mvua inanyesha Oktoba hadi Machi, na usiongeze kitu kama ni chini ya 30). Wastani wa 23 unakupa 460 na 140, sawa na milimita 600. Mvua yako ya mwaka isipofika hapo, uko kundi la ukame, na mjadala wa tropiki umeishia hapo. Ukishuka kutoka Boma Ng'ombe kuelekea Mirerani, migunga inakwambia kabla ya kikokotoo.

Hatua ya 4: Herufi zilizobaki

Ukiwa kundi A huku kwetu ni Aw tu, savana, kwa sababu miezi ya kiangazi haipati hata milimita chache za maana. Af, msitu wa mvua, inadai angalau milimita 60 kila mwezi.

Kundi C lina mtego mmoja. Köppen anagawa mwaka nusu ya joto, Oktoba hadi Machi kwa sisi wa kusini mwa ikweta, na nusu ya baridi, Aprili hadi Septemba. Sasa Aprili, masika yamekolea, inahesabiwa mwezi wa baridi! Kwa mvua za misimu miwili unaweza kukuta umetimiza masharti ya Cw, baridi kavu, na ya Cs, joto kavu, kwa wakati mmoja. Hapo jumlisha mvua ya kila nusu. Oktoba hadi Machi ikizidi, kwa maana ya vuli pamoja na Machi, andika w. Kisha mwezi wa joto kuliko yote ukiwa chini ya 22, ongeza b. Arusha mjini huandikwa Cwb, nusutropiki ya nyanda za juu.

Hatua ya 5: Kabla hujanunua mbegu

Baridi ya Arusha inatokana na mwinuko. Ya Durban au Hong Kong inatokana na umbali kutoka ikweta, na huko mchana hurefuka na kufupika. Durban mchana wa Desemba una saa 14 na wa Juni 10. Kwetu tofauti ya mwaka mzima haifiki nusu saa. Kwa mboga nyingi hilo halina neno. Kwa vitunguu maji lina neno kubwa: aina inayongoja mchana wa saa 14 itakupa majani mazuri na shingo nene, bila kitunguu chini, hata pakiti iwe imeandikwa nusutropiki kwa herufi kubwa. Muulize muuzaji aina yake inataka saa ngapi za mwanga. Akianza kukuelezea habari za mbolea, chukua Red Creole, kitunguu cha mchana mfupi, uondoke.