Ndugu wakijaa sebuleni Desemba, wawekee muvi hizi

Kwa mnaopokea ndugu toka Dar Krismasi hii, iwe Mbeya mjini, Tukuyu au Njombe, mvua ikishaanza jioni hakuna anayetoka, watu wote wanabanana sebuleni na makoti yao, so andaa muvi mapema. Shusha kwenye flashi kabisa, maana siku yenyewe bando litakata au mtandao utazunguka tu.

Kama kuna bibi na watoto anza na Home Alone ya 1990, hata asiyejua Kizungu anaelewa, sehemu ya mwisho ni wezi wanachapwa na pasi na makopo ya rangi, haihitaji mkalimani. Na pale mwanzo familia inavyogombania piza na kukimbilia eapoti hadi wanamsahau mtoto, jamani hapo kila mtu ataanza kumtaja wa kwake aliyewahi kuachwa stendi 😂

Watoto wakilala weka Christmas Vacation ya 1989, yule binamu anayetua na gari lake bovu bila taarifa, kila ukoo unaye.

Ila The Family Stone ya 2005 kaeni nayo mbali kama nyumbani kuna mgonjwa au mmefiwa karibuni. Inauzwa kama komedi lakini kuna mama anaumwa kansa, inageuka kilio katikati ya pilau, na shangazi akishaanza kulia hamtamnyamazisha.

Afu rimoti ashike mtu mmoja, asiwe mjomba wa taarifa ya habari.